Nimechaguliwa Mlimani na SUZA. Nikienda chuo kidogo Zanzibar, nitajuta?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, nimemaliza kidato cha sita Tabora, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nimepata daraja la kwanza. Nimechaguliwa vyuo viwili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kote shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Natakiwa kuthibitisha kimoja. Moyo wangu uko Zanzibar kwa sababu historia naipenda tangu nikiwa kidato cha pili. Lakini mjomba anayenisomesha anasema chuo kidogo ni cha waliokosa nafasi, na cheti chake hakitanipa kazi Bara. Rafiki zangu wanasema kule maisha ni ghali kwa sababu ya watalii, na mimi ni Mkristo, nitapata tabu. Halafu sijawahi kupanda boti, naogopa. Nikikuta nimekosea, naweza kuhama mwaka wa pili? Sina mtu mwingine wa kumuuliza."

Marahaba, mwanangu. Hongera sana kwa ufaulu wako, na hongera kwa kuuliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha. Wengi huniuliza wakiwa tayari wako muhula wa pili, machozi yanawatoka.

Naona umeuliza mambo manne: cheti, gharama, dini na kuhama. Nasikia na la tano ambalo hukuliandika: nikimkatalia mjomba anayenilipia, kisha nikashindwa, nitamtazama usoni vipi? Hilo nitalifikia. Kwanza tuliondoe hili la cheti, kwa sababu ndilo linalomnyima mjomba usingizi.

SUZA ni chuo kikuu cha umma. Kilianzishwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ileile inayosimamia Mlimani. Ndiyo maana unatakiwa kuthibitisha kimoja tu kati ya hivyo viwili. Shahada yake inatambulika Bara na Visiwani. Kazi za ualimu serikalini unaziomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, unafanya usaili, na kwenye chumba cha usaili karatasi ya maswali haimuulizi mtu alisomea wapi.

Mjomba wako hakudanganyi, lakini picha aliyonayo kichwani ni ya zamani. Mpaka mwaka 1984, Sokoine ilipopewa hadhi yake kule Morogoro, nchi hii ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Kwa wazazi wa kizazi cha mjomba, kusema "yuko chuo kikuu" kulikuwa ni kusema "yuko Mlimani". Wazo hilo limerithiwa kama mtu anavyorithi shamba, hata pale mipaka yake ilipokwisha kubadilika. Mweleze hivyo kwa heshima, ataelewa.

Nitakuwa mkweli pia kwa upande wake. Jina kubwa linasaidia pale ambapo anayekuajiri hakujui na hana muda wa kukujua: kampuni binafsi, shirika la kimataifa, mtu anayepitia barua mia mbili za maombi. Huko, Mlimani hufungua mlango mapema kidogo. Kwa mwalimu wa sekondari tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu ambaye kesho anataka kuacha ualimu aingie kwenye mambo mengine, ni kubwa zaidi. Jiulize wewe uko wapi kati ya hao wawili.

Sasa tuje kwenye udogo wenyewe, maana watu huusifu au kuuponda bila kueleza unafanyaje kazi.

Darasani kwenye watu mia nne, mhadhiri anaongea kwa kipaza sauti, anatoa jaribio ambalo wasaidizi wake watalisahihisha, na kazi yako inarudi na alama tu, 14 kati ya 20. Sita zilizopotea zimekwenda wapi? Hujui. Unaingia mtihani wa mwisho na makosa yaleyale. Darasani kwenye watu thelathini, mara nyingi mhadhiri anasoma insha yako mwenyewe. Anaandika pembeni: "umeeleza kilichotokea, hukueleza kwa nini." Ukiwa na masikio, insha ya pili hairudii kosa hilo.

Na hili linakwenda moja kwa moja kwenye GPA. Kwetu GPA ni ya alama 5, na ni wastani wa matokeo unaopimwa kwa krediti, yaani uzito wa kila kozi. Chukua kozi mbili za krediti 10 kila moja. Moja umepata A, ambayo ni 5, nyingine C, ambayo ni 2. Wastani ni 3.5, uko mlangoni mwa daraja la pili la juu. Sasa ile ya C iwe na krediti 20. Wastani unashuka mpaka 3.0 na mlango umefungwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaamini hesabu hii mpaka waione kwenye matokeo yao. Kozi nzito ikiharibika mapema unaikimbiza miaka mitatu. Kwa hiyo kupata mtu wa kukuonyesha kosa lako wiki ya sita, kabla ya mtihani, kuna thamani kuliko watu wanavyodhani.

Lakini sikiliza vizuri. Udogo haukupi chochote usipojitokeza. Nimewaona wanafunzi waliokaa chuo kidogo miaka mitatu kama wamejificha kwenye umati: nyuma ya darasa, hawaulizi, hawaendi ofisini kwa mhadhiri, wanasubiri bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, liingie na mtihani ufike. Mtu huyo angekwenda Mlimani tu, angalau angepata maktaba kubwa.

Na Mlimani maktaba ipo, tena kubwa kwelikweli, ile iliyofunguliwa mwaka 2018. Kuna TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili ambayo mizizi yake inarudi mpaka kamati ya lugha ya mwaka 1930 iliyosimamia kusanifiwa kwa Kiswahili. Kuna idara ya historia aliyowahi kufundisha mwanahistoria Walter Rodney. Kozi za kuchagua ni nyingi. Kwenye chuo kidogo, kozi unayoitaka inaweza kuwa imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo lakini mwaka huo haifundishwi, kwa sababu mhadhiri wake mmoja yuko masomoni. Ukikosana na mhadhiri wa somo lako, hakuna mwingine wa kukimbilia, utakutana naye mwaka wa pili na wa tatu. Na kila mtu anamjua kila mtu. Binti aliyezoea kupotea kwenye umati linaweza kumchosha hilo.

Tuje Zanzibar yenyewe. Watu wanapokuambia "utasoma Zanzibar", unaona vichochoro vya Mji Mkongwe, bahari, Forodhani jioni. Ukweli ni kwamba SUZA ina kampasi kadhaa. Kampasi kuu iko Tunguu, nje ya mji, njia ya kwenda kusini. Vuga iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, ndiko ilikokuwa TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni. Nyingine iko Beit el Ras, mahali ambapo Sultani Seyyid Said alianza kujenga jumba, akafariki mwaka 1856 halijakamilika, na baadaye pakawa pa kufundishia walimu. Kabla hujamlipa mtu yeyote kodi ya chumba, piga simu ofisi ya udahili uulize: programu yangu inafundishwa kampasi gani, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho? Na uulizie dakhalia. Usishangae neno, ndivyo Wazanzibari wanavyoita bweni, kama wanavyosema skuli badala ya shule.

Kuhusu gharama, rafiki zako wamesema nusu ya kweli. Ndani ya Mji Mkongwe nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli na za kulala wageni, kwa hiyo chumba cha mwanafunzi huko ni cha kuhangaikia. Lakini mtalii hakufuati Jumbi wala Fuoni wala Mwanakwerekwe, na huko ndiko wanafunzi wanakopanga. Kinachouma zaidi ni chakula. Vitu vingi, mchele, vitunguu, viazi, vinavuka bahari kutoka Bara, na gharama ya boti inaingia kwenye bei. Samaki ndiyo nafuu yako, hasa ukijifunza kwenda sokoni jioni pale wauzaji wanapotaka kumaliza. Mwenye nyumba anaweza kukutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na bumu la kwanza huchelewa kwa wengi, popote wanaposoma. Mjomba ajue hilo sasa, asilisikie Novemba. Ukishapata chumba, mwenye nyumba akupeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ujiandikishe. Ni utaratibu wa kawaida wa kule kwa kila mgeni, usiuogope.

Dini. Zanzibar ni ya Waislamu kwa wingi mkubwa, na wewe unakwenda kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Wakristo wapo na makanisa yapo tangu karne ya kumi na tisa: Waanglikana wana kanisa lao Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na Wakatoliki wana lao Shangani ambalo wenyeji wanaliita Minara Miwili. Utasali bila tabu. Kinachotakiwa kwako ni stara. Vaa nguo za heshima, zinazofunika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Sehemu nyingi za chakula zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo ujipangie kupika asubuhi na kula chumbani. Jioni utaona jambo ambalo wanafunzi wangu wengi kutoka Bara walilisimulia kwa furaha: jirani anagonga mlango na sahani ya futari, hata hajui jina lako. Pokea kwa mikono miwili, na sahani usiirudishe tupu.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya nikuandikie kwa urefu hivi. Umesema unaipenda historia. Mji huu ni maktaba, lakini ni maktaba isiyokuja kukufuata kitandani.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliniletea insha ya kurasa nane juu ya milango ya Mji Mkongwe. Ilikuwa imeandikwa vizuri mno, na ndani yake hapakuwa na mlango hata mmoja. Yote aliyaokota kwenye intaneti. Nikamrudishia, nikamwambia achukue daftari, aanzie Vuga, apite Shangani, amalizie Malindi, na asiandike sentensi mpaka awe amesimama mbele ya milango thelathini. Alirudi baada ya wiki na jedwali la mkono: mtaa, kizingiti cha juu kimenyooka au kina upinde, kuna maandishi ya Kiarabu au hakuna, njumu za shaba zina safu ngapi, mnyororo umechongwa pembeni au la. Kisha akauliza: mwalimu, mbona yenye kizingiti kilichonyooka inaonekana ya kale kuliko yenye upinde na majani?

Swali hilo halikuwa kwenye insha ya kwanza. Likamfungulia jingine: ladha ya Kihindi iliingiaje kwenye milango ya mwisho wa karne ya kumi na tisa? Akagundua kwamba Sultani Seyyid Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883, alikuwa amewahi kuishi uhamishoni Bombay baada ya uasi ulioshindwa wa 1859. Akaona jinsi mafundi, biashara na watawala walivyokuwa wakivuka bahari hiyohiyo. Insha ya pili ilikuwa na kurasa tano na makosa kadhaa ya tahajia. Ninayo nakala yake mpaka leo.

Au chukua vyumba vya nyumba hizo za kale. Vingi ni virefu na vyembamba. Watu hudhani ni mtindo tu. Tazama dari: imebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko unaofaa hauendi sana zaidi ya mita tatu. Upana wa chumba umeamuliwa na mti. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo maji yakiingia hulegea. Kwa hiyo sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wanaojua nyumba hizi walilia lakini hawakushangaa. Mji uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na bado unahitaji watu wanaoweza kueleza kwa nini ukuta mmoja unasimama na mwingine unaanguka. Mwalimu wa historia anayeweza kuwaeleza watoto wa Tabora jambo hilo kwa kuchora boriti ubaoni ni mwalimu adimu.

Kisha kuna Nyaraka pale Kilimani, zenye kumbukumbu za enzi za usultani na za ukoloni, na miswada ya Kiarabu. Ukiwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuketi na jalada la kweli mbele yake. Siku ya kwanza hutaelewa kitu, mwandiko ni mgumu na Kiingereza ni cha zamani. Vumilia mpaka siku ya tatu.

Kiswahili nacho kiko hivyohivyo. Kiswahili sanifu ulichokifanyia mtihani kilijengwa juu ya Kiunguja. Sasa utakisikia kikiwa hai barazani, halafu utakwenda Makunduchi na kukuta watu wanazungumza lahaja ambayo mwanzoni utashika neno moja moja. Kitumbatu, lahaja ya kisiwa cha Tumbatu, nacho kina mambo yake. Mwaka wa tatu ukitakiwa kuandika utafiti, wenzako watakuwa wanatafuta mada; wewe mada itakuwa imekaa mbele yako kwenye daladala.

Je, unaweza kuhama mwaka wa pili? Kuhama kupo, TCU hutangaza utaratibu na kipindi chake. Lakini usikifanye kuwa mpango wako. Chuo unachokwenda lazima kikubali kozi ulizosoma, na kozi mbili zenye jina moja huweza kuwa na krediti tofauti. Wapo waliolazimika kurudia kozi walizokwisha kuzifaulu. Mkopo wako pia lazima ukufuate, na karatasi za mkopo hutembea polepole kuliko mwanafunzi. Thibitisha chuo unachokusudia kumalizia.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa, kwa jinsi ulivyojieleza, ningekuambia vuka. Ningekuambia hivyo kwa masharti mawili. La kwanza, mjomba akubali kwa moyo, siyo kwa kushindwa hoja, kwa sababu mwezi wa tatu mambo yakibana ni yeye utakayempigia. La pili, uwe umehakikisha kwamba mkopo au ada ya mjomba inatosha pamoja na nauli za boti angalau mara mbili kwa mwaka. Sharti mojawapo likikosekana, nenda Mlimani bila huzuni. Historia ya Zanzibar utaisoma hata huko, na likizo moja utavuka kuja kuiona.

Usimbishie mjomba kwenye simu. Mwombe mkae, umwonyeshe jina la chuo kwenye orodha ya TCU, kisha mpigie ofisi ya udahili simu ikiwa imewekwa sauti ya wazi, yeye akiwa hapo, aulize maswali yake mwenyewe. Mtu akijibiwa na ofisi hulala vizuri kuliko akijibiwa na mpwa wake. Kuhusu mkopo, muulize afisa mikopo wa chuo chenyewe, usitegemee makundi ya simu. Namba ya siri ya kuthibitisha utakayotumiwa usimpe mtu yeyote akusaidie kuithibitisha. Kaa mwenyewe mbele ya skrini, na usisubiri siku ya mwisho mfumo unapolemewa.

Na jambo moja la kubeba moyoni. Wiki za kwanza utapakumbuka nyumbani, hilo ni la kila mtu. Lakini ukiona mwezi wa pili umefika na hulali, huli, huendi darasani, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usiniandikie mimi na kusubiri jibu. Siku hiyohiyo nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, au umwambie mwenzako akupeleke hospitali ya Mnazi Mmoja. Hayo yanatibika, na wanaoyatibu wanahitaji kukuona uso kwa uso.

Boti sasa. Ile ya kasi inachukua kama saa mbili. Chuo kinapofunguliwa, Oktoba au Novemba, kusi, ule upepo wa kusini, inakuwa imekwisha kulegea na bahari mara nyingi imetulia kuliko Julai. Kula kitu chepesi saa moja kabla, usipande na tumbo tupu wala na chipsi za bandarini. Kaa sitaha ya chini, katikati, karibu na dirisha, na macho yako uyaweke mbali pale mbingu inapokutana na maji. Simu iweke mfukoni mpaka uione minara miwili ya Shangani.